Bima ya Wote, Hospitali za Wachache

Mwisho wa Oktoba 2024, mfanyakazi wa Kenya alipoipokea karatasi yake ya mshahara, aliona jina jipya pale palipokuwa na jina la zamani. Hazina ya Kitaifa ya Bima ya Hospitali, ile NHIF tuliyoizoea tangu 1966, ilikuwa imezikwa, na mahali pake pamewekwa Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Aliyekuwa akilipwa shilingi 50,000 kwa mwezi na kukatwa 1,200 sasa alikatwa 1,375. Wa shilingi 100,000, aliyezoea kukatwa 1,700, alikatwa 2,750. Wa shilingi 20,000 alipunguziwa kutoka 750 hadi 550, na hilo twalikiri bila kinyongo, kwa maana ni haki mwenye nacho atoe zaidi ya asiye nacho. Ila kuna swali ambalo halikupewa nafasi katika sherehe za uzinduzi: fedha hizi zaishia wapi?

Jibu halijafichika sana. Katika miaka ya mwisho ya NHIF sehemu kubwa zaidi ya malipo ilikuwa ikiingia katika hospitali za kibinafsi, na madai yao yalizidi kupanda. Serikali ikiulizwa sababu husema: walaghai. Wenye hospitali wakiulizwa husema: bei ya dawa, mitambo na mishahara. Wako pia wasemao kwamba Mkenya wa leo amependa makuu, hataki tena kulala katika wadi ya umma, wagonjwa wawili kitanda kimoja. Kila mmoja wa hawa ana chembe yake ya ukweli. Lakini sisi tulio katika harakati za mageuzi twaona kwamba iko sababu iliyozizaa hizo zote, nayo ni ya kisiasa. Hospitali ya umma iliachwa ikonde kwa njaa, kisha mwananchi akakatwa fedha ili akatibiwe kwingine.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1965 serikali ya uhuru iliondoa ada ya shilingi tano iliyokuwa ikitozwa wagonjwa wa nje katika hospitali za umma. Mwaka mmoja baadaye Bunge likaiunda NHIF. Hebu msomaji atafakari maana ya mambo haya mawili kufuatana. Ikiwa hospitali ya serikali yamtibu mgonjwa bure, bima italipa ankara ya nani? Italipa ya hospitali yenye ankara, yaani ya kibinafsi na ya misheni. Isitoshe, kwa miaka mingi hazina hiyo ililipia kitanda cha aliyelazwa, kwa siku, wala si dawa ya mgonjwa arudiye nyumbani. Ilikusanya kwa walioajiriwa. Mchuuzi wa Gikomba na mvuvi wa Lamu hawakuwamo, ijapokuwa mwaka 1972 waliojiajiri waliruhusiwa kujiunga kwa hiari yao. Tangu mwanzo, basi, mfereji ulichimbwa kuelekea upande mmoja.

Kisha ikaja Desemba 1989. Ada zilirudishwa katika hospitali na vituo vya afya vya umma kwa jina la kugawana gharama. Huo ulikuwa wakati wa marekebisho ya uchumi yaliyosukumwa na Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa, na Bunge lililokuwapo lilikuwa la chama kimoja, lililotokana na uchaguzi wa mlolongo wa 1988. Halikuwa na upande wa upinzani wa kusimama na kuuliza: je, mwananchi ameulizwa? Septemba 1990 ada hizo zilisimamishwa, zikarejeshwa kwa awamu kuanzia 1991 na 1992. Watafiti waliohesabu wagonjwa katika zahanati moja ya magonjwa ya zinaa jijini Nairobi walikuta kwamba ada ilipoanza kutozwa, idadi ya wanaume waliokuja kutibiwa ilishuka hata chini ya nusu ya ile ya awali. Hayo yalikuwa magonjwa ya kuambukiza, tena katika miaka ambayo ukimwi ulikuwa ukienea.

Ubaya wa ada zile haukuwa shilingi zilizotolewa pekee. Zilifuta tofauti. Mgonjwa aliyekuwa akivumilia foleni ya hospitali ya umma kwa sababu ni bure, sasa alijiuliza: ikiwa nitalipa hapa, na dawa nitaambiwa nikanunue nje, na glavu za daktari nitaagizwa nije nazo, kwa nini nisiende pale ng'ambo ya barabara ambako nitahudumiwa leo? Mwenye uwezo alivuka barabara. Mwenye kadi ya bima alivuka pia. Asiye na kimojawapo alibaki palepale, na hospitali ikabaki na maskini wasio na sauti ya kuitetea. Hospitali ambayo mkubwa hatibiwi humo haina wa kuipigania wakati wa bajeti.

Na wakubwa hawatibiwi humo. Wabunge na maafisa wa juu wana bima ya matibabu igharamiwayo na mlipa kodi, nayo huwafungulia milango ya hospitali za kibinafsi zilizo ghali kabisa nchini, na wakizidiwa, hata za nje ya nchi. Hatusemi mbunge aachwe afe. Twasema tu kwamba mtu hawezi kuuona uvujaji wa paa la nyumba asiyolala.

Baadhi ya wenzetu walitumaini kwamba Katiba ya 2010 ingelimaliza jambo hili. Kifungu cha 43 chatupa kila mmoja haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa, na chakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Baada ya uchaguzi wa 2013 hospitali nyingi zilikabidhiwa kaunti. Sisi tuliupigania ugatuzi na hatuujutii. Lakini ukweli lazima usemwe, hata ukituuma wenyewe, kwamba ndani ya ugatuzi ulijificha mtego ambao wengi hawajauelewa hadi leo, na ndio unaoeleza zaidi ya jambo jingine lolote kwa nini fedha za bima zilizikimbia hospitali za umma.

Mtego wenyewe ni huu. Mgonjwa mwenye bima akilazwa katika hospitali ya kaunti, hospitali hudai malipo kwa hazina ya bima. Malipo yakija, kwa kaunti nyingi hayakubaki hospitalini. Yaliingia katika Hazina ya Mapato ya Kaunti, yakachanganyika na ada za soko na za maegesho ya magari, na ili yarudi hospitalini kununua pamba na dawa, yalihitaji bajeti, idhini, na hisani ya afisi ya gavana. Mengi hayakurudi, au yalirudi yamechelewa. Sasa mfikirie msimamizi wa hospitali hiyo. Ana karani mmoja wa bima, karatasi zimejaa meza, mtandao umekatika. Kwa nini ajitese kukimbizana na madai ambayo hata yakilipwa hatayaona? Basi mgonjwa mwenye kadi aliondoka bila dai kuandikwa, na bima ikasalia na fedha zake.

Ng'ambo ya barabara mambo ni kinyume. Hospitali ya kibinafsi huweka dawati la bima mlangoni, kabla ya chumba cha daktari. Kila sindano huandikwa, na kila siku ya kitanda huhesabiwa, kwa kuwa kila shilingi idaiwayo ni ya mwenyewe. Mmoja wetu katika chumba hiki cha uhariri alimpeleka mamake katika hospitali moja ya namna hiyo usiku, mama akiwa hana fahamu ya kutosha hata kutaja jina lake. Swali la kwanza aliloulizwa halikuwa mama anaumwa nini, bali ana kadi gani. Mama alitibiwa vyema, hatuwezi kuwanyima sifa hiyo, na alirudi nyumbani. Lakini mwana huyo husema hadi leo kwamba alijiona ameleta kadi, na mama amekuja nayo kama kifurushi.

Kwa hiyo usidhani kwamba pande hizi mbili zilikuwa zikishindana, na ile bora ikashinda. Upande mmoja ulifungwa miguu. Mwaka 2023 ilipitishwa sheria ya kuziruhusu hospitali za umma zizuie mapato yake na kuyatumia kuboresha huduma, na kabla ya hapo kaunti kadhaa zilikuwa zimejitungia sheria zao za namna hiyo. Hilo ni jambo jema. Twamwomba kila msomaji amwulize mwakilishi wake wa wadi: katika kaunti yetu sheria hii yafuatwa, au mweka hazina bado ashika ufunguo?

Tena kuna migomo. Tarehe 5 Desemba 2016 madaktari wa hospitali za umma waliweka vifaa chini, wakadai utekelezaji wa mkataba waliotia sahihi na serikali mwaka 2013. Hawakurudi hadi Machi 2017, siku mia moja baadaye. Juni mwaka uo huo wauguzi nao wakagoma, wakarudi Novemba. Mwaka 2024 madaktari waligoma tena kwa siku 56. Katika siku hizo zote mimba hazikusubiri, wala malaria haikufunga duka. Aliyekuwa na bima alikwenda hospitali ya kibinafsi au ya misheni, na aliyezoea njia hiyo mara moja hakuiacha mgomo ulipokwisha. Sisi hatuwalaumu waliogoma. Serikali inapotia sahihi mkataba kisha ikauweka kabatini, nani aliyeufunga mlango wa wadi? Na faida ya mlango huo uliofungwa iliingia mfukoni mwa nani?

Vifaa vilinunuliwa, au tuseme vilikodishwa. Mwaka 2015 serikali kuu iliingia mikataba ya kukodi mitambo kwa ajili ya hospitali 98, mbili katika kila kaunti na nne za kitaifa, na kaunti zikakatwa fedha za kulipia kila mwaka. Kamati ya Seneti ilipochunguza mpango huo, ilikuta mahali ambapo mitambo ilikaa bila kutumika kwa kukosa wataalamu, umeme au maji. Kaunti ililipia mashine ya kupiga picha iliyofunikwa shuka, na mgonjwa wa kaunti hiyohiyo akapelekwa kupigwa picha kwingine kwa fedha za bima. Tumelipa mara mbili, na wengi wakatoa mfukoni mara ya tatu.

Sasa tufike kwenye hospitali za kibinafsi zenyewe, maana hatukukusudia kuwaosha wenye nazo. Namna bima ilipavyo ndiyo hufundisha hospitali namna ya kutibu. Ikilipa kwa tendo, matendo yatazidi. Ikilipa kwa siku ya kitanda, siku zitarefuka. Chukua uzazi: bima hulipa shilingi 10,000 kwa mama ajifunguaye kwa njia ya kawaida na 30,000 kwa anayepasuliwa. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa 2014 ulikuta asilimia 9 ya watoto wamezaliwa kwa upasuaji. Ule wa 2022 ulikuta asilimia 17, na kiwango ni cha juu zaidi katika hospitali za kibinafsi. Si kila upasuaji wa ziada ni wizi. Wako akina mama wanaoishi leo kwa sababu kisu kiliwahi, na wako wengine vijijini ambao bado hufa kwa kukikosa. Lakini tofauti ya shilingi 20,000 imekaa juu ya meza kati ya daktari na mama, na mama haioni.

Ama kusafishwa damu kwa wagonjwa wa figo, hapo habari ni ya heri na ya shaka pamoja. Zamani mgonjwa wa figo asiye tajiri alikuwa amekwisha kuhukumiwa. Bima ilipoanza kulipa shilingi 9,500 kwa kila kipindi, vipindi viwili kwa juma, watu waliokuwa wakiuza mashamba walipata pumzi. SHA ikapandisha malipo hadi 10,650. Malipo ya uhakika ya namna hiyo, kwa mgonjwa ambaye hana budi kurudi kila juma maisha yake yote, ni biashara ambayo mwenye mtaji hawezi kuiacha ipite, na vituo vya kibinafsi vya kazi hiyo vikachipuka mijini. Twafurahi kwamba vipo. Twauliza tu kwa nini mpango wa kuzuia shinikizo la damu na kisukari, maradhi yaharibuyo figo, haupati mwekezaji wala msemaji mwenye bidii kama hiyo. Kidonge cha shinikizo la damu katika zahanati ya kijiji hakina faida kwa yeyote isipokuwa mwenye kukimeza.

Na ulaghai upo. Mwaka 2012, mpango wa matibabu wa watumishi wa serikali chini ya NHIF ulipokuwa bado mchanga, Bunge liliarifiwa juu ya mamilioni yaliyolipwa kwa zahanati ambazo baadhi yazo ilidaiwa hazikuwapo. Juni 2023 wanahabari wa runinga walifichua habari za wazee wa vijijini waliochukuliwa kwa ahadi ya matibabu ya bure, kisha wakafanyiwa upasuaji ili bima idaiwe, na hospitali kadhaa zikasimamishwa. Agosti 2025, chini ya SHA, Wizara ya Afya ilisimamisha makumi ya hospitali nyingine kwa madai yaleyale: wagonjwa wa nje walioandikwa kuwa wamelazwa, tiba ndogo iliyodaiwa kama kubwa, na wagonjwa wasiokuwapo. Jina la hazina lilibadilika, lakini ujanja haukubadilika. Twashukuru hatua hizo, ila twatambua kwamba mwizi hukamatwa miaka mingi baada ya mlango kuachwa wazi, na aliyeuacha wazi hakamatwi kamwe.

Hata ucheleweshaji wa malipo, ambao serikali huutaja kama kosa dogo la makarani, una mchango wake. NHIF ilikufa ikidaiwa mabilioni. Machi 2025 Rais alitangaza kwamba hospitali zilizodai shilingi milioni 10 kurudi chini zingelipwa, na madai makubwa zaidi yakaguliwe kwanza. Hospitali ndogo ya mji wa kando, yenye vitanda ishirini, haiwezi kuingoja miaka. Hufunga, au humtaka mwenye bima atoe fedha taslimu, au huongeza kidogo katika kila ankara ili kufidia zile zisizolipwa. Hospitali kubwa zenye mikopo ya benki husubiri. Kwa hiyo kuchelewesha malipo, hata bila kukusudia, kwawaondoa wadogo na kuwaachia uwanja wakubwa, na mkubwa akibaki peke yake bei ataipanga yeye.

Tumesema kwamba sababu ni ya kisiasa, na hapa ndipo inapoonekana wazi. Sheria iliyounda SHA ilitiwa sahihi Oktoba 2023. Julai 2024 Mahakama Kuu iliitangaza kuwa kinyume cha Katiba, mojawapo ya sababu ikiwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Septemba Mahakama ya Rufaa ikausimamisha uamuzi huo kwa muda, na tarehe mosi Oktoba makato yakaanza. Machi 2025 ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ilieleza kwamba mtambo wa kompyuta unaoendesha mpango huu, wa thamani ya shilingi bilioni 104.8, haumilikiwi na serikali. Yaani mwananchi hakuulizwa ipasavyo kabla ya kukatwa, na daftari ambamo makato yake yaandikwa si mali yake. Tulikuwa tukiyaona mambo ya namna hii siku za chama kimoja, tukadhani kura ya vyama vingi ingeyafagia. Vyama tulivipata. Daftari bado hatujalipata.

Basi madai yetu hayahitaji tume mpya wala safari ya kujifunza ng'ambo. SHA itangaze kila mwezi, kaunti kwa kaunti, kila hospitali imelipwa kiasi gani na kwa huduma zipi: waliojifungua kawaida wangapi, waliopasuliwa wangapi, waliolazwa wangapi na kwa siku ngapi. Kila mbunge, gavana na afisa wa bima mwenye hisa katika hospitali atangaze hisa hizo kabla ya kupiga kura au kuweka sahihi juu ya viwango vya malipo. Mapato ya hospitali ya umma yabaki katika hospitali hiyo. Mikataba ya madaktari na wauguzi itekelezwe kabla ya mgomo, si baada yake.

Na orodha ya malipo isiishie katika mitandao ya Nairobi. Ibandikwe katika ubao wa kila afisi ya chifu, karibu na matangazo ya mbuzi waliopotea, kwa Kiswahili na kwa tarakimu zinazosomeka, ili mama aliyelazwa siku mbili asome kama bima yake ilidaiwa mbili au tisa.